Rangi, Nuru na Udhuru wa Maneno

Katika vyuo vya Afrika Mashariki kuna udhuru mmoja ambao umeishi maisha marefu kuliko wengi wa wale waliouzua. Udhuru huo wasema kuwa Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, ya hotuba na ya biashara, walakini hakina maneno ya kuelezea mambo ya ndani ya sayansi ya leo. Husemwa kwa upole, aghalabu na watu waipendao lugha yenyewe, na kwa sababu ya upole huo umepita bila kupingwa katika mabaraza mengi. UNESCO iliiteua tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo lugha husifiwa kwa ngoma na kwa hotuba. Sherehe zikiisha, mwalimu wa fizikia hurudi darasani akafundisha kwa Kiingereza watoto ambao wengi wao hawakielewi. Kusudi la makala haya ni kuupima udhuru huo kwa jambo gumu, ili ionekane kama wasimama au waanguka.

Jambo lililochaguliwa ni lile la utando wa fuwele ndogo mno za nusukipitishi, uliochovywa katika rangi, ambao ukipigwa na nuru hutoa umeme. Halikuchaguliwa kwa urahisi wake. Limo ndani yake somo la nuru, somo la umeme, somo la kemia ya rangi na somo la vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, yote kwa pamoja. Kama Kiswahili kitashindwa popote, yafaa kishindwe hapa, mbele ya mashahidi. Na pahali pa kukipimia ni pwani ya Kilwa na Lindi, kwa sababu ni pwani ya watu waliojua rangi, utomvu na jua kabla ya shule yo yote ya kidato kufunguliwa huko.

Basi na lielezwe jambo lenyewe.

Oksidi ya titani ni unga mweupe. Msomaji ameuona mara nyingi bila kuujua kwa jina, maana ndio utiao weupe katika rangi nyingi za kuta. Asili yake ni madini yapatikanayo katika mchanga mzito wa pwani. Huko Kwale, kusini ya Mombasa, mchanga wa namna hiyo ulichimbwa tangu mwaka 2013 hata mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024, na madini yake yakapelekwa ng'ambo. Unga huu ni nusukipitishi: haupitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala hauuzuii kabisa kama kioo. Elektroni zake zimekaa chini, kama watu katika nyumba ya ghorofa isiyo na ngazi. Juu kuna sakafu tupu ambamo elektroni ingeweza kwenda huku na huku kwa uhuru, lakini kati ya chini na juu pana pengo. Kuliruka pengo hilo kwahitaji nishati ya elektronivolti 3.2, na katika nuru ya jua ni ile ya urujuanimno peke yake iwezayo kutoa nishati hiyo kwa pigo moja. Nuru hiyo ni kama sehemu 5 tu katika 100 za nishati ya jua ifikayo ardhini. Nuru ionekanayo kwa macho yote hurudishwa nje, na ndiyo sababu unga huo ni mweupe. Kwa hiyo mtu atakaye kupata umeme wa jua kwa unga huu mtupu atapoteza karibu jua lote.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Mfano wake ni mnazi uliosimama kando ya nyumba ile, na mkwezi aliye chini yake. Mkwezi hawezi kuupanda ukuta mtupu, lakini mnazi aweza kuupanda, na nuru ionekanayo kwa macho yatosha kumpa nguvu ya kuupanda. Akiisha fika kileleni huiona sakafu ya juu ya nyumba iko chini kidogo ya miguu yake, naye huingia humo kwa hatua moja. Elektroni ya rangi hufanya vivyo hivyo: hupandishwa na nuru ndani ya molekuli ya rangi, kisha hupokezwa kwa fuwele iliyoshikamana nayo. Rangi imekula nuru. Fuwele imepokea elektroni. Fuwele haikuhitaji kuiona nuru ile hata kidogo.

Walakini kupanda si kufika. Ziko mbio tatu, na umeme hupatikana zote tatu zikishindwa na upande ufaao. Mbio za kwanza ziko kileleni. Elektroni iliyopandishwa haikai juu muda mrefu. Katika rangi za madini ya ruteni, zilizotumiwa sana kwa kazi hii, hurudi chini baada ya makumi machache ya sehemu za bilioni ya sekunde. Hatua ya kuingia katika fuwele yaweza kuchukua muda ulio mfupi mara maelfu kuliko huo, na katika vipimo vingi imeonekana kutimia chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kwa hiyo elektroni huingia kabla haijapata nafasi ya kuanguka. Mbio za pili ziko katika molekuli iliyoachwa. Rangi imebaki na upungufu, na elektroni iliyotoka yaweza kuirudia, kazi yote ikawa bure. Ili kuizuia, utando hulowanishwa kwa kimiminika chenye iodidi, nayo iodidi huipa rangi elektroni nyingine katika muda wa sehemu chache za milioni ya sekunde, kabla ile ya kwanza haijarejea. Mbio za tatu ni za safari yenyewe: elektroni husafiri kutoka punje hata punje mpaka kioo kipitishacho umeme, nayo sharti ifike huko kabla haijanaswa na kimiminika njiani. Ikifika, hutoka kwa waya, huwasha taa, hurejea kwa upande wa pili uliopakwa platini au kaboni, na huko huirudishia iodidi kile ilichotoa. Mzunguko umekamilika, na hapana kitu kilicholiwa ila nuru.

Limebaki neno moja. Rangi ikipakwa tabaka moja la molekuli juu ya kioo laini, hula chini ya sehemu moja katika mia za nuru. Nyingine yote hupita. Ikipakwa tabaka nene, molekuli zilizo mbali na fuwele hazina pa kuingizia elektroni zao. Mashaka haya yaliwasumbua wachunguzi miaka mingi. Hermann Wilhelm Vogel aliona mwaka 1873 kwamba rangi yaweza kuifanya sahani ya picha iihisi nuru ambayo haikuihisi kwanza, na James Moser aliliona jambo la jamaa hiyo katika umeme, huko Vienna, mwaka 1887; lakini umeme uliopatikana kwa njia hii ulikuwa haba kwa zaidi ya miaka mia. Ufumbuzi uliojulikana kote ulichapishwa na Brian O'Regan na Michael Grätzel mwaka 1991. Walitandaza utando wa punje ndogo mno za oksidi ya titani, unene wake mikromita 10, wenye matundu kila mahali, hata eneo la ndani lililoweza kushika rangi likawa mara mamia kuliko eneo la kioo chenyewe. Sehemu 7.1 hata 7.9 katika mia za nishati ya nuru iliyofanana na ya jua zikageuka umeme.

Mtu wa Kilwa hahitaji kwenda mbali kulielewa hilo la matundu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa vimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Ajuaye tumbawe ajua kwamba jiwe lenye matundu hunywa maji ambayo jiwe laini huyaacha yatiririke. Utando wa Grätzel ni tumbawe dogo: kwa upana wa unywele mmoja zingepangwa punje zake elfu kadhaa, na kila punje imevaa rangi.

Sasa na aulizwe mwenye udhuru: ni neno gani lililokosekana? Katika maelezo yaliyotangulia mna maneno ya kigeni yaliyovikwa sauti za Kiswahili, kama elektroni, molekuli, oksidi na iodidi. Mna maneno ya wenyeji yaliyopewa kazi mpya, kama utando, fuwele na nusukipitishi. Na kazi kubwa imefanywa na vitenzi vya kila siku: kupanda, kuanguka, kupokea na kupokeza, kushika na kushikamana, kuchovya na kuchovywa. Unyambulishaji wa kitenzi, ambao wanafunzi wa sarufi huukariri kama adhabu, ndio umeeleza nani alitoa, nani alipokea na nani alirudishiwa. Jambo zima la elektroni ni jambo la kupokezana, na lugha yenye kitenzi hicho haiwezi kuitwa maskini katika somo hili.

Atajibu kwamba elektroni si neno la Kiswahili. Jibu hili lataka kuchunguzwa, kwa maana limewanyamazisha wengi bila haki. Elektroni si neno la Kiingereza vilevile. George Johnstone Stoney alilitumia mwaka 1891 kwa kulichukua katika Kiyunani, na maana yake katika Kiyunani ni kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogeuka jiwe. Wayunani walijua kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani makavu, na William Gilbert alilitumia jina hilo kuziitia nguvu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1600. Waarabu nao huuita umeme kwa jina la kaharabu, walilolipata kwa Waajemi, na kwa Waajemi maana yake ni mnyang'anya makapi. Kiswahili kilichukua njia yake: kiliutazama mwako wa mbinguni wakati wa mvua, kikauita umeme huu wa nyaya kwa jina la ule. Kwa hiyo Kiingereza kilikopa, Kiarabu kilikopa, Kiswahili hakikukopa; na aliyekopa ndiye asemwaye kuwa ana lugha ya sayansi.

Na kuna zaidi ya hayo. Katika karne ya 19 bandari ya Kilwa Kivinje ilipeleka nje sandarusi iliyofukuliwa ardhini katika bara ya Kilwa na sehemu nyingine za pwani hii. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini mpaka ukawa mgumu. Ni mdogo wake kaharabu. Ikisuguliwa kwa kitambaa nayo huvuta makapi. Ilipita Unguja, ikafika Ulaya na Marekani, ikapikwa kuwa vanishi ya kupakia meza na magari ya farasi. Wachimbaji wa Kilwa walikuwa wameshika mikononi mwao ndugu wa kitu kilichoipa elektroni jina lake. Wakauza kwa uzani. Lawama ya hayo si yao, kwani hapana aliyewaeleza. Lakini msomi wa leo aliyeelezwa, kisha akakataa kuwaeleza wajukuu wao kwa lugha waijuayo, hana udhuru kama wao.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba mwanafunzi akisomeshwa kwa Kiswahili atatengwa na dunia. Hoja hii huchanganya mambo mawili, lugha ya kujifunzia na lugha ya kutangazia. Grätzel alifanya kazi yake Lausanne, mji wa Uswisi ambao watu wake husema Kifaransa. Makala yake yalitoka kwa Kiingereza. Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani, ambao mwaka 1972 walitangaza kwa Kiingereza kwamba oksidi ya titani ikipigwa nuru yaweza kuyatenganisha maji, walikuwa watu wa nchi ifundishayo watoto wake fizikia kwa Kijapani. Na ilikuwa katika nchi hiyohiyo, mwaka 2009, ambapo Tsutomu Miyasaka na wenzake walitia fuwele za namna ya perovskaiti mahali pa rangi, wakapata sehemu 3.8 katika mia. Leo ukoo huo wa vifaa umepita sehemu 25 katika maabara. Hapana aliyesema kuwa Wajapani wametengwa na dunia. Walijifunza kwao, wakatangaza kwa wenzao. Yafaa Kiingereza kifundishwe vizuri, na walimu wake, kama somo la lugha. Kukigeuza kuwa mlango wa fizikia ni kumnyima mtoto vyote viwili.

Na hili si dhana. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika ripoti juu ya Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaona kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985. Mwaka 1985 ulikuja ukapita. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, na darasa la fizikia katika shule za sekondari za serikali limebaki la Kiingereza. Mtoto aliyemaliza darasa la saba Kilwa Masoko au Lindi, ambaye jana aliuliza maswali mpaka mwalimu akachoka, huingia kidato cha kwanza akanyamaza. Hakupoteza akili njiani. Amepokonywa chombo cha kuulizia, na wahenga walikwisha kusema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hoja ya tatu ni ya dharau iliyovaa nguo ya busara: kwamba mambo haya ya fuwele na elektroni hayamfai mvuvi wa Kilwa wala mkulima wa Lindi. Gesi ya Songosongo, iliyo katika wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 imepita katika bomba hata Dar es Salaam ikazalisha umeme. Paneli za jua zimo juu ya mapaa ya vijiji vya pwani hii, zikanunuliwa kwa fedha za ufuta na za samaki. Mtu anunuaye paneli bila kujua iwezacho na isichoweza hununua kwa kuamini, na auzaye hulijua hilo. Kusema kuwa elimu ya umeme haiwahusu watu ambao gesi yao huwasha taa za mji mwingine ni ujasiri mkubwa.

Hata hapa makala yamewapiga wale walio ng'ambo ya pili. Sasa yawageukie walio upande huu, kwa maana udhuru wa maneno usingeishi miaka yote hii kama usingelishwa na watetezi wa Kiswahili wenyewe.

Kundi la kwanza ni watunga istilahi. Kazi yao si mbaya, na wengine wameifanya kwa bidii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kitabu hicho chastahili heshima. Lakini tangu siku hizo imezuka imani kwamba lugha hujengwa kwa orodha. Hukutanishwa kamati, hutolewa maneno, hugongwa muhuri, huwekwa kabatini. Maneno hayo hayakupata kusimama katika sentensi iliyoeleza jambo kwa mtu asiyelijua. Neno lisiloelezea kitu ni sarafu isiyonunua. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba ili zipite mkononi mwa watu sokoni. Kama zingewekwa kabatini zikihesabiwa kila mwaka, hapana ambaye angeziita fedha.

Yafaa kutazama jinsi lugha hii ilivyofanya kazi ilipokuwa na neno la kusema. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha mwaka 1957. Vita vile vilikuwa vya namna mpya, pamoja na silaha zake na serikali yake ya kigeni. Mshairi hakungoja orodha. Alikuwa na jambo, akalieleza, na maneno yakamfuata. Mwalimu wa fizikia aliye na jambo lake vichwani mwa wanafunzi wake atapata hayohayo.

Tena, watunga istilahi hukaa mbali na wenye maneno. Wanawake wa pwani hii wachovyao ukindu katika rangi kabla ya kusuka mkeka hutofautisha rangi iliyoshika na isiyoshika, iliyochuja majini na iliyopauka kwa jua. Hizo ni tofauti za kemia. Rangi isiyoshika ni ile ambayo haikufungamana na kitu ilichopakwa. Rangi iliyopauka ni ile ambayo molekuli zake zimevunjwa, na jua ndilo mvunjaji mkubwa. Mchunguzi wa utando wa Grätzel huogopa mambo hayohayo mawili: rangi kubanduka katika fuwele, na rangi kuharibiwa na nuru na joto. Hina hutiwa ndimu, mchanganyiko ukaachwa, kisha ukapakwa. Achanganyaye ajua kuwa uchachu na muda huitoa rangi katika jani, na kwamba ikiisha kushika ngozi haitoki kwa kuoga. Msamiati wa somo hili uko barazani na uani. Aliyeuacha huko akaenda kuutafuta katika kamusi ya Kiingereza hana haki ya kulalamika kwamba hakuupata.

Neno choya latosha kuwa onyo. Kamusi za zamani zalitaja kama kuvu la rangi lililotolewa katika miti ya pwani na kuuzwa ng'ambo kwa watia rangi nguo. Sokoni leo choya ni ua jekundu la kutengenezea kinywaji, ambalo wengine huliita rozela. Vitu viwili, jina moja, na vyote viwili ni vya rangi. Mtu asomaye orodha peke yake atawapotosha wanafunzi wake siku ya kwanza. Aendaye sokoni na kamusi mkononi atavijua vyote viwili.

Kundi la pili ni wenye fahari ya uwongo. Hawa wakisikia kwamba rangi ya choya au ya hina yaweza kutiwa katika utando ikatoa umeme, hupanda jukwaani wakatangaza kuwa mimea ya Afrika itawasha vijiji. Ukweli ni mdogo kuliko hotuba. Rangi za mimea zilizojaribiwa, zikiwamo hizo mbili, mara nyingi zimegeuza chini ya sehemu moja katika mia za nuru kuwa umeme, na nyingi hupauka upesi. Rangi bora zilizotengenezwa maabara zimefika kwenye 15 hivi katika mia, na paneli za silikoni zilizo madukani hupita 20. Utando wa rangi hufaa zaidi mahali penye nuru hafifu, kama ndani ya nyumba, nao haujaziondoa paneli za silikoni juu ya mapaa ya Kilwa. Amwambiaye mwanafunzi vingine humdanganya, na uwongo uliosemwa kwa Kiswahili fasaha ni uwongo vilevile. Thamani ya ua la choya katika somo hili ni nyingine: kwa ua hilo, kioo kipitishacho umeme, unga mweupe na kimiminika cha iodidi, mwanafunzi wa sekondari aweza kuona kwa macho yake sindano ya kipimo ikisogea nuru inapopiga rangi. Akiisha kuiona, ataweza kuuliza kwa nini imesogea kidogo tu. Swali hilo ndilo mwanzo wa fizikia, nalo laulizika kwa Kiswahili.

Linalotakiwa, basi, ni kazi, nayo si kubwa mno. Wanafizikia wa Nairobi na Dar es Salaam wamekwisha kuchunguza tando za oksidi ya titani na kuyaandika waliyoyaona kwa Kiingereza. Na aandike kila mmoja wao, mara moja kwa mwaka, makala moja ya Kiswahili ambayo mwalimu wa Lindi aweza kuisomea darasa lake. Na aende kila mwalimu wa Kiswahili atungaye istilahi akakae maabara siku nzima, aone kitu kabla hajakipa jina. Na majarida ya Kiswahili yafungue kurasa zake kwa kemia kama yalivyozifungua kwa ushairi, yakikataa makala mabovu ya kemia kwa ukali uleule wakataliao mashairi yenye vina vilivyopotoka. Na mtihani wa taifa umruhusu mtoto ajibu kwa lugha aliyoelewea, kwani mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, na kwa lugha kitakayoulizwa. Hilo la mwisho lisipofanywa, hayo matatu ya kwanza yatasomwa na walimu tu.

Wapinzani watasema kwamba haya yatachukua miaka. Ni kweli. Tangu Tume ya Makweta imekwisha kupita miaka zaidi ya arobaini, na miaka hiyo ilipita vilevile bila kufanywa. Watoto waliokuwa wakingoja mwaka 1985 sasa wana watoto wao madarasani, na watoto hao wamenyamaza mbele ya ubao uleule. Bara ya Kilwa bado ina msandarusi. Na aokote mwalimu kipande cha utomvu wake mgumu, akisugue kwa kitambaa mbele ya darasa, akikaribishe kwenye kapi la mpunga, kisha awaulize wanafunzi wake, kwa Kiswahili, ni nini kilicholivuta.